Una mimba na mtoto bado ananyonya? Usimwachishe kwa hofu

Mara nyingi mama huyu haji hospitali kwa ajili yake mwenyewe. Anakuja kwa sababu ya mtoto. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne, mitano hivi, anaharisha, analialia, na nguo zilizomkaa vizuri mwezi uliopita sasa zinamning'inia. Aliyemsindikiza, mara nyingi mama mkwe au wifi, huwa ameshatoa jibu kabla sijafungua kadi: "Dokta, huyu amenyonya maziwa ya mimba."

Nikimgeukia mama na kumuuliza mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku, anainamisha kichwa. Hanyonyi tena. Siku alipogundua kuwa ana mimba ndiyo siku alipopaka shubiri kwenye chuchu, au mtoto alipelekwa kwa bibi yake na kurudishwa baada ya wiki mbili akiwa "ameshasahau ziwa".

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mama huyu, kwa sababu wako wengi. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8 katika maisha yake. Kuwa na mimba huku mwingine ndiyo kwanza anajifunza kutembea si jambo la ajabu; ni maisha ya kila siku ya nyumba nyingi. Hata hivyo ushauri anaopewa mama wa hali hii na majirani, ndugu, na mara nyingine hata sisi wahudumu wa afya, una vitisho vingi kuliko msaada.

Mimba iliyoingia bila hodi

"Lakini dokta, nilikuwa nanyonyesha, na siku zangu sijaziona tangu nijifungue." Kauli hii naisikia karibu kila wiki, na anayeisema hadanganyi. Kunyonyesha kunazuia mimba kweli, ila kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi ya mama haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemeki tena. Mtoto akianza uji na kulala usiku kucha bila kunyonya, mwili wa mama huanza kupevusha mayai. Na yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, kwa hiyo mama anaweza kubeba mimba bila kuona hata tone la damu.

Nimeshapokea akina mama waliokuja kutibiwa gesi tumboni, kumbe gesi yenyewe ina mikono na miguu. Mama wa namna hii hana tarehe ya hedhi ya kuhesabia, na ndiyo maana kipimo cha ultrasound kabla ya wiki ya 24 kinamsaidia sana kujua umri wa mimba na lini ategemee kujifungua.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto hai kabla ya kutafuta mimba nyingine. Ushauri huo una sababu. Mwili unahitaji muda wa kurudisha akiba ya madini ya chuma na virutubisho vingine, na mimba zinazofuatana kwa karibu sana huongeza uwezekano wa upungufu wa damu, wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, na wa mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Lakini mimba ikishaingia, kumsema mama hakuirudishi nyuma. Kazi iliyobaki ni kumtunza yeye, aliye tumboni na aliye mgongoni.

Je, maziwa yanaharibika?

Hapana. Mimba haigeuzi maziwa kuwa sumu, wala hayawi "mabovu" kwa sababu kuna mtoto mwingine tumboni. Ninasema hivi nikijua uzito wa imani tunayopambana nayo. Sehemu nyingi za nchi yetu mtoto anayedhoofika katika kipindi hiki huambiwa amebemendwa, na neno hilo lina aibu ndani yake, maana linawanyooshea kidole wazazi kuwa hawakujizuia, au kuwa mmoja wao ametoka nje. Matokeo yake mama anaficha mimba. Anajifunga khanga vizuri, anachelewa kuanza kliniki, na anamwachisha mtoto kimyakimya ili watu wasije wakasema.

Kinachotokea kwenye maziwa ni hiki. Homoni za mimba, hasa zile zinazotoka kwenye kondo la nyuma, hupunguza wingi wa maziwa, na akina mama wengi huliona hilo kufikia mwezi wa nne au wa tano. Ladha nayo hubadilika: sukari inapungua, chumvi inaongezeka kidogo. Watoto wengine hukataa ziwa wenyewe wakati huo, na hiyo ni njia yao ya kuacha. Wengine hawajali, wanaendelea. Kuelekea mwisho wa mimba maziwa hugeuka kuwa ya njano, mazito, yaani dang'a, kwa ajili ya mtoto anayekuja. Dang'a hulainisha choo, kwa hiyo mtoto mkubwa anaweza kupata choo chepesi kwa siku kadhaa. Huo si ugonjwa.

Na aliye tumboni? Hofu nyingine ni kwamba kunyonyesha kutamharibia mama mimba. Ni kweli kwamba mtoto anaponyonya, mwili hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo pia huubana mji wa mimba wakati wa uchungu. Lakini kwa sehemu kubwa ya mimba mji huo hauiitikii sana homoni hiyo, na kwa mama mwenye afya na mimba isiyo na matatizo hatuna ushahidi wa kutosha kusema kunyonyesha kunasababisha mimba kutoka.

Wapo wanaohitaji tahadhari. Kama ulishawahi kujifungua kabla ya wakati, una mapacha, umetokwa na damu katika mimba hii, umeambiwa mlango wa kizazi ni dhaifu, au tumbo linabana kwa maumivu kila mtoto anaponyonya, zungumza na daktari au mkunga wako. Huenda ukashauriwa kuacha. Mama anayeishi na VVU aendelee na dawa zake bila kukosa na aamue pamoja na kliniki yake. Kama mtoto hajafikisha miezi 6 wakati unapata mimba nyingine, usikae nyumbani ukisubiri. Huyo bado anategemea maziwa peke yake, na maziwa yakipungua ataanza kupungua uzito, kwa hiyo apimwe mara kwa mara.

Chakula kilichoondoka

Sasa turudi kwa yule mtoto anayeharisha na kudhoofika. Kati ya miezi 12 na 24, maziwa ya mama bado yanaweza kumpa mtoto karibu theluthi moja ya nguvu anayohitaji kwa siku, pamoja na kinga dhidi ya magonjwa. Ukiyaondoa kwa siku moja bila kuweka kitu mahali pake, umemwondolea mlo mmoja kati ya mitatu. Akibaki na uji mwepesi wa mahindi asubuhi na ugali na mchuzi jioni, atakonda. Akikonda, kinga inashuka, anaharisha, na familia inasema: mnaona, ni ile mimba. Mimba imesingiziwa. Kilichomdhuru ni njaa.

Jambo hili liliandikwa zamani. Mwaka 1935 daktari mwanamke aliyezaliwa Jamaica, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alilieleza katika jarida la Lancet tatizo la watoto waliovimba miguu, ngozi kubanduka na nywele kubadilika rangi, wengi wao wakilishwa mahindi. Alilipa jina ambalo wenyeji wenyewe, Waga, walikuwa wakilitumia: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto anayeondolewa nafasi yake na mdogo wake. Sisi tunauita unyafuzi. Wanasayansi wa leo wanajua kuwa chanzo chake hakiishii kwenye upungufu wa protini peke yake, lakini wale wazee wa Ghana walikuwa wameona jambo sahihi: hatari inamfikia mtoto siku anapoondolewa kwenye ziwa.

Kwa hiyo ukiamua kumwachisha, na una haki ya kuamua hivyo, kwa sababu chuchu za mjamzito huuma na uchovu ni wa kweli, mwachishe polepole. Punguza nyonyesho moja, kaa siku nne au tano, kisha punguza jingine. Anza na yale ya mchana ambayo mtoto akipewa ndizi au akitolewa nje kucheza anasahau. La usiku liwe la mwisho. Shubiri na pilipili ziache. Pilipili inaunguza mdomo wa mtoto na chuchu yako pia. Kumpeleka kwa bibi siku hiyohiyo anayoachishwa ni kumnyima ziwa na mama kwa mpigo mmoja. Bibi ni msaada mkubwa, ila aje yeye kwanza, au mtoto aende akiwa ameshazoea chakula.

Aliyeacha kunyonya ale milo minne kwa siku na asusa moja au mbili katikati, na apate maziwa ya ng'ombe au mbuzi yaliyochemshwa kama uwezo upo. Uji uwe mzito wa kushikika kwenye kijiko. Tia karanga zilizosagwa au mafuta kidogo. Dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, yai, parachichi, mchicha na matembele vinapatikana sokoni kwetu na si lazima ununue unga wa dukani wenye picha ya mtoto mnene. (Ule mchanganyiko wa nafaka kumi na mbili unaouzwa mtaani kwa jina la "lishe" sina imani nao, nafaka kumi na mbili bado ni nafaka, na karanga zilizohifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumu.) Mpe kwenye sahani yake peke yake, maana akila sinia moja na kaka zake hutajua amekula nini.

Kama anaharisha, usimnyime ziwa kama bado ananyonya. Huo ndio wakati anaolihitaji zaidi. Mpe maji ya ORS, na omba vidonge vya zinki kituo cha afya. Mtoto wa zaidi ya miezi 6 hupewa miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Macho yakizama, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, au kukiwa na damu kwenye choo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mwambie pia mhudumu ampime mzunguko wa mkono: chini ya sentimita 12.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano ni dalili ya utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu. Miguu ikivimba usisubiri kipimo chochote.

Mwili wa mama

Bibi mmoja aliwahi kuniambia, mkwe wake akiwa ameketi pembeni: "Dokta mwanangu, mwambie aache kumbeba huyu, atamuumiza wa tumboni." Nilimwamkia, nikamuuliza nani anachota maji pale nyumbani. Akacheka. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Mtoto wa mwaka na nusu ana kilo 10 au 11. Mama huyo alikuwa akikatazwa kilo kumi za mapenzi na kuachiwa kilo ishirini za maji mara nne kwa siku.

Kwa mimba isiyo na shida, kumbeba mtoto si hatari. Piga magoti, mvute karibu na kifua, kisha inuka kwa nguvu ya miguu, si ya mgongo. Vizuri zaidi, keti wewe, yeye apande mapajani. Mgongoni kwa khanga ni sawa mpaka tumbo litakapoanza kukuyumbisha, kwa sababu viungo vya mjamzito hulegea na kuanguka ni rahisi. Ila maji, kuni na magunia vipate mtu mwingine. Baba wa mtoto akiwa anasoma hapa, ndoo ni yako, na kumwogesha mkubwa jioni ili mama alale nusu saa pia ni kazi yako. Msaada huo ni sehemu ya matibabu, kama vidonge.

Uchovu unaopita kiasi usiukubali kirahisi kwa kusema "ni mimba tu na huyu mtukutu". Mapigo kwenda mbio, kuhema ukipanda ngazi chache, kizunguzungu, na hamu ya kula udongo au pemba ni dalili za kupungukiwa damu. Damu ya mjamzito ikipimwa isiwe chini ya 11. Mama anayenyonyesha huku ana mimba anahitaji kula zaidi ya mjamzito wa kawaida: ongeza mlo mmoja mdogo kwa ajili ya mimba na mwingine kwa ajili ya maziwa. Makombo ya mtoto yasihesabiwe. Vidonge vya kuongeza damu vimeze kila siku pamoja na maji au juisi ya chungwa, si chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Hapa nina ombi ninalorudia kwa kila mama mwenye mtoto mdogo. Vidonge hivyo vya chuma ni sumu kwa mtoto. Vingine vina rangi nyekundu na ngozi tamu, vinafanana kabisa na peremende, na mtoto wa mwaka na nusu anaigiza kila anachoona mama anakifanya. Akimeza vingi anaweza kutapika na kuharisha, wakati mwingine kwa damu, kisha akaonekana amepata nafuu kwa saa kadhaa na mzazi akapumua. Nafuu hiyo isikudanganye; baada yake anaweza kuzidiwa ghafla, ini kushindwa kazi na kufariki. Ukikuta pakiti imepungua, usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Chukua pakiti, chukua mtoto, nenda hospitali hata kama anacheza. Na kabla ya hayo yote, pakiti isikae kwenye mkoba wala chini ya mto. Iwe juu ya kabati, ndani ya kopo lenye kifuniko.

Kliniki, na siku yenyewe

Akina mama wengi hukosa mahudhurio kwa sababu hawana wa kumwachia mtoto. Njoo naye. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8, la kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, na ukija na mtoto unaweza kumpima uzito na kumpa chanjo siku hiyohiyo. Ulizia kituo chako hupangaje. Kwenye maeneo yenye malaria utapewa dawa ya SP kuanzia wiki ya 13, na wewe na mtoto mlale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Kuanzia wiki ya 28 lala ubavu, mtoto awe nyuma yako au kitanda chake, asije akakupiga teke la usingizini tumboni, jambo ambalo kwa kawaida halimdhuru aliye ndani lakini linakunyima usingizi wewe.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, damu ikitoka, maji yakimwagika kabla ya wakati, au mtoto tumboni akipunguza kucheza, usiseme utakwenda mkubwa akishalala. Mwache kwa jirani, uende.

Ndiyo maana jirani huyo aandaliwe mapema. Kufikia mwezi wa saba, mtu atakayebaki na mtoto usiku wa uchungu awe anajulikana kwa jina, na mtoto awe ameshalala kwake au naye mara mbili tatu. Ajue uji wake unapikwaje, anaogopa nini, anasinzia kwa wimbo gani. Namba yake ya simu, na ya mwenye bajaji au gari, ziandikwe nyuma ya kadi ya kliniki, maana simu huisha chaji usiku uleule.

Ukirudi na mchanga, kama mkubwa bado ananyonya au akitaka tena, mchanga ndiye anyonye kwanza kila mara, hasa siku za mwanzo za dang'a, kisha mkubwa apewe kinachobaki. Huyu mkubwa anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, kutaka kubebwa, kumfinya mdogo wake shavu. Usimchape. Mpe kazi ya kukuletea nepi, na mchanga akilala, mweke yeye mapajani hata kwa dakika kumi.